SOMO: Kuhamishia majimoto kwenye minazi (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila nikipita Kisauni au Mtwapa naulizwa swali lilelile: "Vidaka vya nazi vinapukutika, nipulize dawa gani?" Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Mhalifu mara nyingi ni kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, anayefyonza vidaka vichanga. Okota kidaka kilichoanguka, ukitazame karibu na kikonyo. Ukiona makovu ya kahawia yaliyopasuka na utomvu ulioganda kama gundi, ndiye huyo. Wachache tu juu ya mti wanatosha kukutia hasara. Adui yake ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Unguja walichunguzwa kwa kazi hii tangu miaka ya 1950, na Wachina wanawatumia ndugu zao kwenye michungwa kwa zaidi ya miaka 1,600.

1. Tafuta viota kwenye miembe, mikorosho au midimu.

2. Kagua shina la mnazi wako. Ukikuta vichuguu vya mchanga laini na sisimizi wa kahawia ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa, washughulikie kwanza kwa chambo cha sisimizi kilichowekwa chini, shinani. Hao huwafukuza majimoto. Tena usifyeke shamba likabaki jeupe. Majani ya chini huwasaidia majimoto kushinda.

3. Kata viota alfajiri au jioni, wengi wakiwa ndani. Tia guniani, funga.

4. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi. Viota vyote vya eneo moja la shamba VITOKE KAYA MOJA. Kaya moja huenea miti kadhaa, na malkia kwa kawaida ni mmoja tu. Ukichanganya kaya mbili watauana mpaka chini ya mnazi kujae mizoga, na kunguni abaki akila raha. Jaribu kwanza: chukua tawi lenye chungu wa mti huu, uliguse kwenye mti wa pili. Wakipapasana kwa vipapasio na kupishana, ni ndugu. Wakikamatana miguu na kuvutana, achana nao. Chukua viota vingi, hasa vya juu, maana usipompata malkia kaya itakufa polepole.

5. Tundika viota kwenye makuti, funga kamba kutoka mnazi hadi mnazi wapate njia.

MASWALI

Kijana wa Bamburi: Sasa nipulize dawa gani?
Jibu: Hakuna. Ukipuliza unawaua majimoto. Soma tena.

Bint Likoni: Shikamoo. Mkwezi wangu amekataa kupanda, anasema atang'atwa.
Jibu: Marahaba mwanangu. Ana haki, wanauma kwelikweli. Ajipake jivu mikononi na miguuni, na umwongeze kidogo. Minazi ya kugema tembo usiiwekee majimoto.

Baba Zuhura: Nimeweka na bado chonga wanatoboa. Somo lako halifanyi kazi.
Jibu: Nimeandika kunguni, sikuandika chonga, yule mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi. Majimoto hawamwezi chonga. Ondoa magogo yaliyooza na marundo ya samadi, ndimo mabuu yake yanamokua.

Mwalimu Mstaafu: Wazazi wana kahawa Taita. Wafaa huko?
Jibu: Swali zuri, mwalimu. Mimi nisingewaweka: watawauma wavunaji, na huwalinda wadudu magamba ili walambe utamu wao. Kahawa ina wasaidizi wake. Wadudu weupe wa unga, Planococcus kenyae, waliposhambulia kahawa ya Kenya, wakulima walipaka gundi mashinani kuwazuia sisimizi waliokuwa wakiwalinda, na hao ni ukoo mmoja na wale wa hatua ya 2. Mwaka 1938 wakaletwa nyigu wadogo kutoka Uganda, Anagyrus, wanaotaga mayai ndani ya mdudu huyo. Ndio waliommaliza nguvu. Kwa hiyo mwambie mzee asipulize ovyo, atawaua nyigu asiowaona.

Mama Salim: Chonga mie namtoa kwa spoku ya baiskeli iliyopindwa ncha.
Jibu: Ahsante mama, hiyo ndiyo njia. Iingize taratibu, usichome kilele, kisha ujaze tundu mchanga.