Kudhibiti harufu ya tope la majitaka katika nyanda za juu kusini

Mkazi wa mtaa ulio chini ya mtambo wa kutibu majitaka jijini Mbeya akiamka saa kumi na moja alfajiri mwezi Juni hunusa harufu ambayo mhudumu anayeingia kazini saa mbili huenda asiiamini. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlima Loleza na kutulia mabondeni, nayo gesi inayotoka kwenye tope husafiri nayo karibu na ardhi bila kutawanyika hadi jua lipashe ardhi. Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa yoyote, fungua daftari na uandike saa ya kila lalamiko, upepo ulikovuma na kazi iliyokuwa ikifanyika mtamboni. Baada ya majuma machache, daftari hilo litakuonyesha ni kazi ipi inayonuka. Kazi hiyo uihamishie kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati hewa inapopanda.

Harufu yenyewe hutokana na tope kukaa bila hewa. Oksijeni ikiisha, bakteria hugeuza salfeti iliyomo kuwa salfidi ya hidrojeni, ile gesi ya mayai viza. Hivyo dawa ya kwanza ni kutolichelewesha tope: lile linalotuama chini ya tangi la kutuliza litolewe kila siku, kidogo kidogo, wala lisisubiri Ijumaa. Gari la kunyonya likifika, muulize dereva alikotoka. Tope la shimo la choo cha umma linalonyonywa mara kwa mara bado ni bichi na hunuka kuliko la tangi la nyumbani lililokaa miaka, kwa hiyo lipokelewe mahali pake na litibiwe mapema. Mwisho wa mpira wa gari uzamishwe chini ya uso wa tope lililomo tangini, kwa kuwa tope likimwagwa kutoka juu hurusha gesi hewani. Ni jambo lisilogharimu kitu, lakini ndilo ninaloona likipuuzwa zaidi.

Tope bichi hutulizwa kwa chokaa, ambayo huchomwa hukuhuku Songwe. Ikorogwe kwanza kwenye pipa la maji mpaka iwe kama uji mwepesi, kisha imiminwe kwenye tope huku likikorogwa, na upime kwa karatasi za pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, mpaka ifike 12 na ibaki hapo kwa saa 2 au zaidi. Katika kiwango hicho salfidi hubaki ndani ya maji na vijidudu vingi hufa. Hata hivyo, amonia hufumuka kwa nguvu na kuwasha macho, basi kazi hii ifanywe mchana, penye upepo. Chokaa isiyozimwa huchemka ikikutana na maji. Miwani na glavu ni lazima. Kumbuka pia kwamba pH ikishuka baadaye, harufu hurudi, kwa hiyo tope lililotiwa chokaa lisirundikwe likiwa limelowa.

Kwenye vitanda vya kukaushia, mwaga tope kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, usizidishe. Tabaka nene hukauka juu na kuwa ganda huku chini likiendelea kuoza. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za huku huliloesha upya, kwa hiyo paa la bati angavu lililo wazi pande zote hulipa gharama yake.

Matangi yaliyofunikwa yanahitaji kichujio cha viumbe hai, yaani kitanda cha vipande vya mbao ambamo bakteria husafisha hewa inayopita, na hapa nyanda zetu zina neema. Mabanzi ya msonobari kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga, yakikatwa vipande vya ukubwa wa kidole na kuchanganywa na mboji iliyoiva, huwa makazi mazuri ya bakteria wanaokula salfidi. Vumbi la mbao lisitumike, maana huziba. Feni hunyonya hewa ya tangi na kuipitisha chini ya kitanda hicho kupitia mabomba ya plastiki yenye matundu, yaliyofunikwa kwa kokoto. Hewa ikae ndani kwa sekunde 45 hivi: feni inayovuta mita za ujazo 360 kwa saa inahitaji mita za ujazo 4.5 za vipande, yaani kina cha mita 1 juu ya eneo la mita za mraba 4.5. Kila asubuhi chota konzi moja ya vipande na uikamue. Kiganja kikibaki na unyevu bila maji kudondoka, kitanda ni kizima. Vikiwa vikavu, nyunyiza maji. Bakteria hao huzalisha asidi ya salfuriki, basi usitumie bomba la chuma, na vipande vikishaoza na kushikamana vibadilishwe.

Katika kazi zote hizi, pua isitumike kama kipimo cha usalama. Salfidi ya hidrojeni ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mashimoni, na ikifika takribani sehemu 100 kwa milioni hulemaza uwezo wa kunusa. Mtu hudhani imekwisha kumbe imezidi. Asiingie mtu chemba wala tangi bila kipima gesi, mkanda wenye kamba, na mwenzake juu asiyeondoka. Aliye chini akianguka, mwenzake avute kamba na kuita msaada, asimfuate.