Koili kwenye gari la ethi chanya: waya upi uende wapi

Land Rover Series II, Morris Minor na magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yalitoka kiwandani na ncha chanya ya betri imefungwa kwenye bodi, ndiyo ethi chanya. Ukifunga koili (kifaa kinachopandisha voltu za betri ili plagi za injini zitoe cheche) kwa mazoea ya magari ya leo, yenye ncha hasi kwenye bodi, utakosea, na ubaya wake ni kwamba injini itawaka tu, usijue umekosea. Mimi niliwahi kukosea hivyo. Tambarare lilikwenda vizuri, mlimani likakohoa, nami nikahangaika na kabureta siku mbili bure.

1. Hakikisha kwanza. Fuata kebo nene inayotoka betri kwenda kwenye bodi. Ikiwa imetoka kwenye alama ya +, ni ethi chanya kweli. Usiamini mwaka wa gari, mengi yamegeuzwa na mafundi.

2. Fungua kebo ya ethi kwanza, yaani ya chanya. Ukianza na hasi, spana ikigusa bodi utaona moto.

3. Tambua nyaya mbili nyembamba za koili. Mmoja unatoka swichi, mwingine unakwenda kwenye pointi (swichi ndogo inayofunga na kukata umeme wa koili) za distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi. Ukiwa na shaka, zitoe zote kwenye koili, rudisha betri, washa swichi, kisha weka taa ya kupimia kati ya bodi na kila waya. Unaowasha taa ndio wa swichi. Fungua kebo ya ethi tena.

4. Funga sasa. Koili yenye + na −: waya wa swichi kwenye −, waya wa distribyuta kwenye +. Ndiyo, kinyume na ulivyozoea. Pointi zikijifunga hupeleka umeme kwenye bodi, na bodi hapa ni chanya.

Koili ya zamani ya Lucas ina SW na CB. SW ni swichi, CB ni pointi. Fuata herufi hizo, ila gari likiwa limegeuzwa kuwa ethi hasi, zibadilishane.

Kwa nini tujisumbue? Ncha ya katikati ya plagi ndiyo yenye joto zaidi, na elektroni hutoka kwa urahisi kwenye chuma cha moto. Ncha hiyo ikiwa hasi, cheche huruka bila kuilazimisha sana koili. Ukigeuza, koili hudaiwa voltu nyingi zaidi, na upungufu hujitokeza injini ikibeba mzigo.

5. Pima kwa penseli. Injini ikinguruma, kivulini, chomoa waya wa plagi moja kwa koleo lenye mpira mzito (hapo kuna maelfu ya voltu) na uushike kama milimita 6 kutoka kwenye kichwa cha plagi. Ingiza ncha ya penseli ndefu ya mbao katikati ya cheche. Mwako mwekundu ukitokea kati ya penseli na plagi, umepatia. Ukitokea upande wa waya, zima, badilisha zile nyaya mbili nyembamba, upime tena.