SOMO: Jinsi ya kuandaa mazungumzo ya safari ya mlima kwa wanachama wa Kigoma

Wakuu, habari za jioni. Kila anayepangiwa kuongea klabuni kwetu Jumamosi ananipigia kuuliza mambo yaleyale: aanzie wapi, aseme nini, aonyeshe nini. Naandika mara moja hapa. Tafadhali someni mpaka chini kabla ya kuuliza. Mfano wangu ni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu kwa kuwa ndiyo niliyopita.

1. Chagua siku moja ya safari, usisimulie zote. Siku ngumu kuliko zote ndiyo watu wanaihitaji.

2. Picha zisizidi 20, na nusu yake ziwe za njia: mawe, matope, vibanda, mahali pa kuteka maji. Picha yako kileleni moja inatosha.

3. Funga kamba ya vimo. Sisi watu wa Kigoma ukituambia mita 4,700 hatuoni kitu, ila ziwa tunalijua. Kwa hiyo sakafu ya ukumbi iwe Ziwa Tanganyika, ambalo liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ning'iniza kamba ukutani, kila nusu mita ya kamba iwe mita 1,000 za mlima. Piga fundo sentimita 85 kutoka chini: huo ni Nkungwe, kilele cha Mahale, mita 2,462. Kinakufika kiunoni. Kisha vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara (2,720) iko karibu mita moja, Horombo (3,720) inakufika kidevuni, Kibo (4,720) mpaka uinue mkono. Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, unapanda kiti ndipo uguse fundo lake. Nimeona wazee wanainuka kwenye viti vyao kwenda kuishika kamba hiyo, na wakirudi kukaa maswali yao yamebadilika.

4. Sema ulipoumwa. Hapa ndipo nilipokosea, na sitaki mtu mwingine akosee.

Mara yangu ya kwanza kuongea nilieleza baridi, nyota na jua likichomoza. Kwamba nilitapika Kibo sikusema. Kwamba mwenzangu mmoja alirudishwa chini akiwa ameshikwa mikono huku na huku, hilo pia nililiruka, niliona linaharibu hadithi. Miezi minane baadaye kijana aliyekuwa amekaa mstari wa mbele akaenda Marangu. Kichwa kilianza kumuuma Horombo, akamficha muongozaji. Kesho yake akapanda nacho mpaka Kibo. Usiku, wenzake wakijiandaa kutoka, yeye alikuwa ameinama anahangaika na kamba za viatu, vidole havimtii, na akisimama anayumba. Muongozaji hakubishana naye, akamshusha usiku uleule hadi Horombo. Asubuhi aliweza kunywa uji. Aliporudi aliniambia, "Kaka, wewe hukusema kama kichwa kinauma. Nikajua ni mimi tu niliye dhaifu."

Kwa hiyo mambo haya yasemwe, hata kama muda umekwisha:

Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ukiwa juu ni dalili za ugonjwa wa mwinuko. Mwambie muongozaji saa hiyohiyo, na usipande zaidi mpaka ziishe. Mazoezi hayakukingi, na ujana haukukingi.

Kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kuhema sana hata umekaa: shuka mara moja, hata kama ni usiku. Usisubiri kupambazuke. Na mtu huyo asiachwe ashuke peke yake.

Rudi kwenye kamba uwaonyeshe sababu. Ushauri wa kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku, yaani robo mita ya kamba. Sasa pima Mandara mpaka Horombo, na Horombo mpaka Kibo: nusu mita, kisha nusu mita nyingine. Ndiyo maana wengi huongeza siku ya kupumzika Horombo. Asiyetaka kuilipia siku hiyo aione kwenye kamba kwanza.

5. Umeme hukatika. Chaji kompyuta na chapisha picha tano kubwa.

6. Ongea nusu saa, maswali yapewe muda uleule.

MASWALI

Wa Mwanga: Mkuu, picha niweke ngapi?
Jibu: Hatua ya 2.

Wa Katubuka: Somo zuri, ila ukisimulia matapishi utatisha watu. Klabu itabaki na wanachama wangapi?
Jibu: Yule kijana ni mwanachama mpaka leo, na ndiye aliyenituma niandike hatua ya 4. Hilo silitoi.

Wa Katubuka: Sikumaanisha ulitoe, kaka. Labda mpangilio tu.
Jibu: Mpangilio sawa. Anza na uzuri, lakini usimalize bila hilo.

Wa Gungu: Dawa gani nimeze nipande kwa siku chache?
Jibu: Muulize daktari. Na hakuna dawa ya kukufanya upuuze dalili.

Dada wa Ujiji: Shikamoo kaka. Mimi Kilimanjaro sijafika, nimepanda Nkungwe tu. Ninafaa kuongea?
Jibu: Marahaba dada, unafaa sana, tena wewe ndiye tunayekuhitaji. Waeleze safari ya boti, kwamba hifadhini hakuna barabara ni kwa miguu tu, na kwamba hampandi bila askari wa hifadhi. Kutoka ufukweni mpaka kileleni mnapanda karibu mita 1,690, hivyo juu kuna baridi kuliko ziwani kwa nyuzi kama 10. Watu wanakwenda na fulana moja kwa sababu ziwani kuna joto. Na usisahau sokwe: mwenye mafua asiwakaribie, maradhi yetu yanawaua.

Dada wa Ujiji: Nitashukuru. Saa za kutembea nizikadirie vipi?
Jibu: Swali zuri. Kuna kanuni ya Mskoti William Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Nkungwe peke yake ni karibu saa 3 za kimo kabla hujagusa umbali, na hapo ni kwa njia nzuri. Porini ongeza. Jambo jingine ambalo watu wa huku halituingii akilini: jua letu linazama karibu saa 1 jioni. Moshi linatangulia kwa kama nusu saa. Ukipanga kurudi kambini kwa mazoea ya Kigoma, giza litakukuta njiani.

Wa Mwandiga: Naongezea: simu ilale nawe ndani ya begi la kulalia. Baridi inamaliza chaji. Yangu ilizimika kileleni, picha sina.
Jibu: Kweli kabisa. Na betri za tochi vilevile.

Wa Bangwe: Mkuu, hiyo kamba naweza kuazima? Zamu yangu ni wiki ijayo.
Jibu: Ipo nyumbani, pitia Ijumaa jioni. Mafundo usiyafungue, na fundo la Kibo limefungwa uzi mwekundu. Hapo ndipo usimame unapofika hatua ya 4.