Siku Tatu Bangkok: Namna ya Kupanga Ziara Fupi Bila Kuimalizia Kwenye Foleni

Kosa ambalo wageni wengi huanza nalo wanapopanga kuitembelea Bangkok kwa siku chache ni kuandika orodha ya vivutio kumi na tano, kisha kuigawanya kwa idadi ya siku walizo nazo. Hesabu hiyo hupendeza kwenye karatasi, lakini mji mkuu huu wa Thailand umetandaa kwenye tambarare ya Mto Chao Phraya, una joto mwaka mzima, na foleni zake za magari zinaweza kuifanya safari ya kilomita nne ichukue saa nzima. Kinachofaa kugawanywa ni maeneo na saa za mchana, wala si vivutio: asubuhi mtu awe nje, adhuhuri ajihifadhi ndani, jioni atoke tena, na kila siku afuate njia moja ya maji au ya reli badala ya kukatiza jiji huku na huku. Mpango wa siku tatu unaofuata umejengwa juu ya kanuni hiyo.

Anza na kalenda kabla ya tiketi ya ndege. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo mikavu na yenye nafuu ya joto, na kwa sababu hiyo ndiyo yenye watalii wengi na hoteli za bei ya juu. Januari na Februari huwa pia na siku za hewa nzito yenye vumbi na moshi, jambo ambalo mwenye pumu hapaswi kulipuuza. Machi hadi Mei ni joto kali, na katikati ya Aprili, kuanzia tarehe 13 hadi 15, huadhimishwa Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ambapo mitaa mizima hugeuka uwanja wa kumwagiana maji. Anayependa shangwe atafurahi; anayetaka kuona mahekalu kwa utulivu achague wiki nyingine. Mvua hutawala kuanzia Mei hadi Oktoba, na Septemba na Oktoba hunyesha zaidi, mara nyingi alasiri au jioni. Binafsi naona mwezi wa Juni au Julai unafaa kuliko unavyosifiwa, kwa kuwa asubuhi huwa kavu mara nyingi na mwavuli ni mzigo mwepesi.

Upande wa nyaraka, masharti ya viza hutegemea pasipoti ya msafiri, kwa hiyo yathibitishwe katika ubalozi wa Thailand na si kwa kusimuliwa na rafiki aliyesafiri mwaka juzi. Tangu tarehe 1 Mei 2025, kila mgeni hujaza kadi ya kuwasili kwa njia ya mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na huduma hiyo ni ya bure; tovuti yoyote inayodai malipo kwa ajili ya kadi hiyo si ya serikali. Wanaotoka katika nchi zilizo kwenye orodha ya homa ya manjano, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo, ambayo ni vyema ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari. Sigara za kielektroniki ni marufuku nchini humo, hivyo ziachwe nyumbani. Plagi za pini tatu bapa na nene hazitoshei kwenye soketi nyingi za huko, na adapta ndogo itaokoa usumbufu wa usiku wa kwanza.

Fedha ya Thailand ni baht. Benki za huko hutoza takribani baht 220 au zaidi kila kadi ya kigeni inapotumika kwenye mashine ya kutolea fedha, bila kuhesabu makato ya benki yako, kwa hiyo ni heri kutoa mara moja kiasi cha kutosha kuliko kutoa kidogo kidogo. Mwenye dola abebe noti kubwa, mpya na zisizokunjwa vibaya, kwa sababu noti ndogo hupewa kiwango cha chini na iliyochanika hukataliwa kabisa. Hoteli na maduka makubwa hupokea kadi, lakini mama anayeuza wali kando ya barabara na kondakta wa boti wanataka fedha taslimu, tena zilizo karibu na nauli kamili.

Uchaguzi wa malazi ndio utakaoamua kama siku tatu zitatosha. Hoteli nzuri iliyo mbali na kituo cha treni ni ghali hata ikiwa ya bei rahisi. Jiji lina treni ya juu, BTS, iliyoanza kazi Desemba 1999, na treni ya MRT, iliyoanza mwaka 2004 na ambayo sehemu kubwa ya njia yake katikati ya jiji hupita chini ya ardhi. Mahali ninapopapendekeza kwa mgeni wa mara ya kwanza ni karibu na kituo cha Saphan Taksin, kwa kuwa hapo ndipo treni ya juu inapokutana na gati kuu la boti za mto. Chaguo la pili ni maeneo ya Silom au Siam. Mtaa wa Khao San una sifa kubwa kwa vijana wenye mabegi ya mgongoni, na malazi yake ni nafuu, lakini hauna treni. Kumbuka pia kwamba BTS na MRT zina mifumo tofauti ya tiketi, na tiketi ya safari moja ya BTS haifungui geti la MRT.

Ndege nyingi za kimataifa hutua Suvarnabhumi, mashariki mwa jiji. Treni ya uwanja wa ndege huondokea ghorofa ya chini kabisa na kufika Phaya Thai kwa takribani nusu saa, kwa nauli isiyozidi baht 45, na hapo utaunganisha na BTS. Anayehitaji MRT hushuka Makkasan. Ghorofani humo humo, karibu na geti la treni, kuna vibanda vya kubadilishia fedha ambavyo viwango vyake kwa kawaida ni bora kuliko vile vya ukumbi wa kuwasili. Ukichukua teksi, hakikisha mita imewashwa: huanzia baht 35, na juu yake huongezwa baht 50 za huduma ya uwanja pamoja na ushuru wa barabara ya kasi ukikubali kupita huko.

Msomaji wa Kiswahili atapata faraja ndogo kwenye saa. Katika mazungumzo ya kila siku, Wathai huhesabu saa za usiku kama sisi: saa moja usiku kwao ni *nueng thum*, yaani thum ya kwanza, na saa mbili ni *song thum*, thum ya pili. Ratiba na tiketi, hata hivyo, huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na 15:30 kwenye lango ni saa tisa na nusu alasiri. Saa zote hapa zimeandikwa kwa Kiswahili.

Siku ya kwanza iwe ya mto na mji wa kale wa Rattanakosin. Ufalme wa Ayutthaya uliangushwa na majeshi ya Burma mwaka 1767, mji mkuu ukahamia Thonburi, ng'ambo ya magharibi, na mwaka 1782 Mfalme Rama wa Kwanza akauvusha mto na kuuweka ulipo sasa. Kwa sababu hiyo vivutio vitatu vikuu viko karibu karibu pande mbili za maji. Panda boti ya bendera ya rangi ya chungwa kutoka Sathorn, gati la Saphan Taksin, hadi gati la Tha Chang, na uwe mbele ya Kasri Kuu lango linapofunguliwa saa mbili na nusu asubuhi. Kiingilio ni baht 500, na tiketi hukoma kuuzwa saa tisa na nusu alasiri. Mabega na magoti yafunikwe kwa nguo halisi, shati la mikono na suruali ndefu au sketi ndefu, kwani mtandio uliotupwa begani unaweza kukataliwa. Ndani ya hekalu la Wat Phra Kaew, lililo humo humo kasrini, kuna sanamu ya Buddha iitwayo ya zumaridi, ingawa imechongwa kwa jiwe la jedi, yenye kimo cha sentimita 66 hivi. Mfalme huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, kufuata majira ya joto, mvua na baridi. Watu wengi hushangaa kuiona ndogo namna hiyo, juu kabisa ya kiti chake. Kupiga picha ndani ya ukumbi wake hakuruhusiwi.

Nje ya kuta za kasri ndipo mgeni hukutana na bwana mwenye Kiingereza safi na kitambulisho shingoni, anayemweleza kwa huruma kwamba leo kasri limefungwa kwa sala, lakini ipo bajaji itakayomzungusha kwenye mahekalu mengine kwa baht 20 tu. Mimi nilimwamini kwa dakika kumi nzima, mpaka bajaji ilipoelekea kwenye duka la vito badala ya hekalu. Sehemu za kasri hufungwa kweli baadhi ya siku kwa sherehe za kifalme, lakini taarifa hiyo itafute kwenye tovuti rasmi jioni ya kabla, na siku yenyewe nenda mpaka langoni ukajionee.

Kutoka hapo tembea kusini hadi Wat Pho, kwenye Buddha aliyelala mwenye urefu wa mita 46. Usitosheke na picha ya uso. Zunguka hadi kwenye nyayo zake, zilizopambwa kwa lulumizi katika alama 108, na nyuma yake usikilize mlio wa sarafu zinazodondoshwa moja moja kwenye mabakuli 108 ya shaba. Hekalu hilo lina shule ya ukandaji wa Kithai, na nusu saa ya kukandwa miguu saa sita mchana ni dawa kuliko starehe. Baadaye shuka gati la Tha Tien, ambako kivuko cha baht 5 hukufikisha Wat Arun, yenye mnara uliopambwa kwa vipande vya kauri. Jina lake humaanisha Hekalu la Alfajiri, lakini lipendezapo zaidi ni magharibi, likitazamwa kutoka ng'ambo ya Tha Tien jua likizama nyuma yake. Viingilio vya sehemu hizi tatu hufikia takribani baht 1,000 kwa mtu mmoja. Jioni, kituo cha MRT cha Sanam Chai, hatua chache kutoka Wat Pho, kitakupeleka vituo viwili tu hadi Wat Mangkon, katika mtaa wa Wachina wa Yaowarat, kwa chakula cha barabarani. Jumatatu wachuuzi wengi hupumzika.

Siku ya pili ifuate mfereji. Panda asubuhi na mapema ngazi zaidi ya 300 za Mlima wa Dhahabu, hekalu la Wat Saket, kisha shuka hadi gati la karibu la boti za mfereji wa Saen Saep. Hizi si boti za watalii: kondakta mwenye kofia ngumu hutembea nje kwenye ukingo akikusanya nauli, na boti mbili zinapopishana, abiria wa pembeni huvuta kamba kuinua turubai ili maji machafu yasiwarukie. Ukikaa pembeni, kazi hiyo ni yako. Shuka Hua Chang, karibu na nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani mfanyabiashara wa hariri aliyetoweka Malaysia mwaka 1967 na hakuonekana tena. Nyumba zake za mbao za msaji hufunguliwa saa nne asubuhi. Saa za jua kali zimalizie kwenye maduka makubwa ya Siam, yenye vyakula vya bei nafuu. Jioni nenda bustani ya Lumphini, wanakoishi kenge wakubwa wasiomjali mtu. Saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa hupigwa, na mamia ya wakimbiaji husimama ghafla kama waliogandishwa, nawe simama.

Siku ya tatu hutegemea ni siku gani ya juma. Ikiwa ni Jumamosi au Jumapili, nenda soko la Chatuchak kabla ya saa nne, kwa BTS hadi Mo Chit, na ukiona kitu unachokipenda kinunue hapo hapo, kwa maana vibanda ni maelfu na hutakiona tena. Siku nyingine, hekalu la Wat Traimit, karibu na kituo cha Hua Lamphong, linatosha asubuhi moja: sanamu yake ya dhahabu ya takribani tani tano na nusu ilifichwa ndani ya plasta kwa muda mrefu, hadi ilipopasuka wakati wa kuhamishwa mwaka 1955. Magofu ya Ayutthaya, kilomita 80 hivi kaskazini, yanavutia, lakini katika siku tatu yatakula siku nzima. Yaache kwa safari nyingine.

Asiyekula nguruwe ajue kwamba nyama hiyo imo katika vyakula vingi visivyotarajiwa, hata vya mboga. Vyakula vya halali vinapatikana kwa urahisi karibu na Msikiti wa Haroon, mtaa wa Charoen Krung, na katika eneo la Nana, barabara ya Sukhumvit. Maji ya kunywa yawe ya chupa. Mahekaluni vua viatu, usinyooshee sanamu nyayo, na mwanamke asimguse mtawa. Maneno ya kumkashifu mfalme au familia yake, hata mtandaoni, ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 3 hadi 15. Polisi wa watalii hupatikana kwa namba 1155.

Siku ya kuondoka, acha mizigo mapokezi ya hoteli, na ikiwa ndege yako ni ya jioni, usiikabidhi teksi saa za watu kutoka kazini. Nenda Phaya Thai, ukapande treni ile ile uliyojia.