Gadenia kwenye bustani za Mwanza

Kabla ya kulipia mche wa gadenia, vunja jani moja. Likitoa utomvu mweupe, hiyo si gadenia, hata kama maua yake ni meupe na mfanano ni mkubwa. Gadenia haina utomvu wa maziwa. Majani yake yanang'aa, hukaa mawili au matatu kwenye kifundo kimoja cha tawi, na ua jeupe hugeuka manjano likizeeka.

Chimba shimo la sentimita 50 kila upande. Udongo wa kichanga wa milimani changanya nusu kwa nusu na mboji iliyooza vizuri. Usipande karibu na msingi wa nyumba: chokaa ya saruji hupunguza uchachu wa udongo, mzizi ukashindwa kufyonza madini ya chuma, majani machanga yakawa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Majivu ya jikoni huleta balaa hilohilo, na ndiyo watu hupenda kumwaga.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti, mwagilia kwa kina na utandaze nyasi kavu; udongo ukikauka ghafla, vichipukizi vya maua hudondoka. Masizi meusi kwenye majani? Geuza jani, utakuta wadudu wafyonzao. Osha kwa maji ya sabuni. Maua yakiisha tu, pogoa matawi.