Kabla ya kufungua uanachama wa kulipia kwa taarab ya mubashara

Kikundi cha taarab kinachotaka kurusha maonyesho yake mubashara na kuwatoza watazamaji ada ya kila mwezi huanza, mara nyingi, kwa kuulizia kamera. Ningependa kianze na kalenda. Anayekata tiketi ya usiku mmoja ananunua onyesho, na onyesho likimalizika hakuna anayemdai mwenzake. Anayejiunga kwa ada ya mwezi ananunua ahadi, nayo ahadi hudai hata katika mwezi ambao fidla zimo kabatini na mwimbaji yuko matangani. Kwa hiyo ngazi za uanachama, bei zake, hata daftari la mhazini, vipimwe kwa uwezo wa kikundi katika mwezi wake mbaya, si kwa mwezi wa Sikukuu ambapo ukumbi hujaa na kila mtu ana moyo.

Mwezi mbaya wa kwanza unajulikana mapema. Katika Ramadhani taarab husimama Unguja na Pemba, na kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka katika kalenda ya miladi, haitoshi kusema kwamba kikundi hupumzika Machi. Miezi mingine mibaya haibishi hodi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kuhusu umeme, watu wa Unguja hawahitaji kukumbushwa kipindi cha kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kebo inayoleta umeme kutoka bara iliharibika na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban miezi mitatu. Hakuna kikundi kinachoweza kuyazuia mambo hayo, lakini kila kikundi kinaweza kuahidi onyesho moja kwa mwezi badala ya manne, na kuandika tangu mwanzo nini mwanachama atapata mwezi ambao onyesho halikuwezekana.

Uanachama wenyewe si jambo geni kwetu. Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa Zanzibar mwaka 1905, ilianza kama chama cha watu waliopendana na kutaka kupiga muziki pamoja, na Culture Musical Club, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1958, nayo ni klabu kwa jina na kwa desturi. Mgeni ni mtazamaji aliyeko Muscat au Toronto, ambaye hawezi kuinuka kitini, akaenda kwa madaha hadi jukwaani na kumtunza mwimbaji noti mkononi. Tunzo ni ya papo kwa papo, na humfuata mwimbaji aliyegusa moyo wa mtu kwa beti fulani usiku ule. Ada ya mwezi ni ya kikundi kizima na huja hata kama nyimbo za mwezi huo hazikumgusa mtu. Wasiozitenganisha fedha hizi mbili mapema hugombana, na nimeona ugomvi huo ukianza kwa zawadi ndogo ya mtandaoni iliyotumwa mwimbaji akiwa katikati ya wimbo: yeye akaihesabu tunzo yake, mhazini akaihesabu pato la klabu. Kikao cha kuamua jambo hilo kifanyike kabla ya onyesho la kwanza, na muhtasari wake utiwe saini na wote, wakiwemo wapiga dumbaki, ambao mara nyingi husahauliwa.

Kuhusu ngazi, tatu zinatosha. Ya kwanza iwe ya msikilizaji, ambaye analipa kidogo na kupata rekodi kamili ya onyesho baada ya kurushwa mubashara. Ya pili iwe ya mwenyeji, ambaye pamoja na rekodi anaingia mazoezini na kupata maneno ya nyimbo yaliyoandikwa. Ya tatu iwe ya mlezi, kwa maana ileile ambayo vikundi vyetu vimekuwa vikiitumia siku zote: mtu anayetoa zaidi kwa sababu anataka kikundi kiishi, jina lake likatajwa kwa heshima mwishoni mwa onyesho iwapo mwenyewe ameridhia. Ukiongeza ngazi ya nne na ya tano, atakayezichoka kwanza ni katibu, maana kila ngazi ni orodha ya watu wanaodai kitu chao. Matangazo ya mubashara yenyewe ningeyaacha wazi kwa wote, angalau mwaka wa kwanza, kwa kuwa ndiyo yanayowaleta wageni. Maulidi, dua na hitima visifungiwe malipo kamwe, hata kama kamera ni ileile na mrushaji ni yuleyule.

Faida ninayoipendekeza kuliko zote haihitaji ukumbi wala taa, nayo ni ufafanuzi wa mashairi. Taarab inaishi kwa mafumbo, na kijana aliyezaliwa London kwa wazazi wa Kizanzibari husikia sauti tamu pasi na kujua ni nani anayesemwa. Mtunzi akikaa mezani na kipaza sauti kimoja, akausoma wimbo ubeti kwa ubeti na kueleza kwa nini jirani fulani hakupendezwa nao, hiyo ni nusu saa ambayo mwanachama hataipata penginepo. Vikundi vyenye busara vitarekodi vipande vinne au vitano vya namna hiyo katika miezi ya wingi, vikae akiba, ili kisimamapo kipindi cha maonyesho mwenye ada yake asione ukurasa mtupu.

Bei isipangwe kabla ya kuhesabu makato. Tuchukue mfano wa wanachama 100 wanaolipa shilingi 10,000 kila mmoja, jumla shilingi 1,000,000. Kwenye YouTube mwenye chaneli hupata asilimia 70 ya mapato ya uanachama, kwa hiyo zinabaki 700,000. Ikiwa 40 kati yao wako Marekani, sehemu yao ni 280,000, na kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya sehemu hiyo hukatwa huko, yaani 84,000. Zinabaki 616,000, ambazo zikigawiwa wapiga ala na waimbaji 20 ni shilingi 30,800 kwa kila mmoja, kabla ya kulipia ukumbi, bando, usafiri wa vyombo na chai. Na fomu ya kodi ya Marekani lazima ijazwe hata kama kikundi hakijawahi kukanyaga huko, kwani asiyeijaza anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, bila kujali watazamaji wako wapi. Fedha hizo, tena, hazilipwi papo hapo: za mwezi mmoja hutolewa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata, na salio lisipofika dola 100 husubiri. Kikundi kinachotegemea ada ya Juni kulipia ukumbi wa Juni kitakopa.

Hesabu ya pili ni ya wanaoondoka. Tuseme kila mwezi wanane katika kila mia wanaacha kulipa, wengine kwa kuchoka, wengine kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Kati ya mia moja walioingia Januari, baada ya miezi 12 watabaki kama 37. Wakiondoka watano badala ya wanane, watabaki 54. Tofauti hiyo ya watu watatu kwa mwezi ni kubwa kuliko faida ya kupandisha bei, na kwa kawaida huamuliwa na mambo madogo: onyesho kuanza saa iliyotangazwa, na ujumbe wa mwanachama kujibiwa kabla hajauliza mara ya pili.

Njia ya kulipia inahitaji milango miwili. Mwanachama wa nje hulipa kwa kadi, na jukwaa la mtandaoni humkata lenyewe kila mwezi. Mwanachama wa Mwembeladu au Tanga hutumia simu, na malipo ya simu mara nyingi humtaka aingize namba yake ya siri kila mara, jambo linalofanya ada ya mwezi igeuke kuwa kazi ya kukumbushana. Kwa wa nyumbani ni heri kutoza kwa miezi mitatu au mwaka mzima, kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la klabu, mhazini akiandika tarehe ya kuingia na tarehe ya kumalizika. Namba binafsi ya kiongozi isitumike hata kwa wiki moja.

Tahadhari hiyohiyo inahusu akaunti ya chaneli. Kwa kawaida hufunguliwa na kijana mwenye ujuzi, kwa barua pepe yake mwenyewe na nywila anayoijua yeye peke yake, na siku akipata kazi Dubai chaneli husafiri naye. Ifunguliwe kwa anwani ya klabu, iwe na wasimamizi wasiopungua wawili, na namba ya simu ya kuthibitishia iwe ya laini inayokaa ofisini.

Haki za nyimbo zinahitaji uvumilivu, kwa sababu katika taarab aliyeandika maneno, aliyeweka muziki na aliyeimba wanaweza kuwa watu watatu, na mmoja wao huenda ameshafariki akaacha warithi. Ruhusa ya kuimba ukumbini si ruhusa ya kuweka rekodi nyuma ya malipo. Zanzibar mahali pa kuanzia kuuliza ni COSOZA, bara ni COSOTA, taasisi zinazoshughulikia hakimiliki. Pamoja na hayo, mitambo ya majukwaa ya mtandaoni inayotambua nyimbo zenye haki za watu haiulizi mtu. Usiku mmoja kikundi nilichokuwa nikikisaidia kilikuwa katika mapumziko ya dakika kumi, na msimamizi wa ukumbi, kwa nia njema kabisa, akaweka wimbo wa Bongo Fleva uliokuwa ukivuma. Kabla haujafika kibwagizo matangazo yalikatwa. Mtu wa kwanza kuandika alikuwa Muscat: "Jamani, mmelala?" Tangu hapo mapumziko yetu yana rekodi ya ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, iliyopigwa na mwenzetu mwenyewe, na waya wa spika za ukumbi hauunganishwi na mixa yetu, yaani mashine ya kuchanganyia sauti.

Jambo ambalo mafundi hulisahau ni nyuso za wanawake waliohudhuria. Mama aliyekuja na wenzake, akavaa, akajifukiza, akainuka kumtunza mwimbaji, amekubali kuonekana na waliomo ukumbini. Hajakubali kuonekana na mtu yeyote mwenye intaneti, tena kwa rekodi inayouzwa. Tangazo liwekwe mlangoni na lisemwe kwa kipaza sauti kabla ya kuanza, upande mmoja wa ukumbi uachwe nje ya kamera, na mpiga picha aelekezwe kubaki kwa mwimbaji wakati wa kutunzwa. Sheria nayo imeingia humo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Orodha ya wanachama, yenye majina na namba za simu, ni taarifa za aina hiyo na haistahili kuzunguka kwenye kundi la WhatsApp. Kwa leseni ya maudhui ya mtandaoni, kikundi kilichoko Tanzania kiwaulize TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kwa maandishi kama huduma yake inaihitaji, kwani kanuni za 2020 zimefanyiwa marekebisho na jibu la mdomo halisaidii baadaye. Kenya tangu 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5.

Kwa upande wa vyombo nitakuwa mfupi. Picha ya kiwango cha 720 ikirushwa kwa megabiti 4 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 1.8 kwa saa, hivyo onyesho la saa tatu ni gigabaiti 5.4, na kasi inayohusika ni ya kupandisha, si ya kushusha ambayo kampuni hupenda kuitangaza. Ipimwe ukumbini kwenyewe, usiku, siku ya wiki ileile. Ziwepo laini za mitandao miwili tofauti, na betri itakayobeba kompyuta na mixa mpaka jenereta liwashwe. Mtu atavumilia picha hafifu, lakini hatavumilia ganuni isiyosikika kwa sababu simu iliyorekodi ilikuwa karibu na feni; sauti itolewe moja kwa moja kwenye mixa.

Saa ya kuanza iamuliwe kwa kuwatazama wanaolipa. Saa tatu usiku ya Unguja ni saa nne usiku Muscat. London ni saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi na saa moja usiku wakati wa kiangazi, na Toronto ni saa saba au saa nane mchana, mtu akiwa kazini kama si mwisho wa wiki. Taarab inayotangazwa saa tatu ikaanza saa tano, kama tulivyozoea, itampoteza mtu wa Muscat kila mara, naye ndiye aliyekwisha kulipa.

Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, kikundi kirushe maonyesho matatu katika miezi mitatu mfululizo bila kutoza, kama kwamba wanachama wapo: rekodi itoke siku iliyopangwa, maneno ya nyimbo yaandikwe, ujumbe ujibiwe. Ikiwa katika miezi hiyo mitatu kitu kimoja kimechelewa mara mbili, kiondolewe kwenye orodha ya faida. Malipo yafunguliwe mara baada ya Idi, siyo wiki chache kabla ya Ramadhani, ili kikundi kipate takriban miezi 11 ya kufanya kazi kabla ya mfungo unaofuata.