Namna ya kutafsiri "Ossetian" bila kumpotosha msomaji

Ukitafsiri habari za Caucasus, eneo la milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, utakutana na "Ossetian" kila mara. Kiingereza hulitumia neno hilohilo kwa mtu, lugha, mahali na hata chakula. Kiswahili kinakudai uchague ngeli kabla hujaandika, na ukichagua vibaya habari yenyewe inabadilika.

Hatua ya 1: Tambua kinachotajwa. Mtu ni Mwosetia, lugha ni Kiosetia, eneo ni Osetia. Desturi na vyakula huchukua "-a Kiosetia": mikate ya Kiosetia yenye jibini, ambayo huwekwa mezani mitatu kwenye sherehe na miwili msibani.

Hatua ya 2: Uliza ni upande gani. Hapa usiharakishe. Osetia Kaskazini ni jamhuri ndani ya Urusi, na makao makuu yake ni Vladikavkaz. Beslan iko huko, mji ambao shule yake ilitekwa Septemba 2004 na watu zaidi ya 330 wakauawa. Osetia Kusini, yenye makao yake Tskhinvali, nchi nyingi huihesabu kuwa sehemu ya Georgia. Urusi iliitambua kuwa nchi huru baada ya vita vyake na Georgia vya Agosti 2008. Basi ukikuta "Ossetian forces" katika habari za vita hivyo, andika "wapiganaji wa Osetia Kusini". Ukiandika "wapiganaji wa Waosetia" umelibebesha vita kabila zima, wakiwemo Waosetia waliokuwa wakiishi kwa amani kwingineko Georgia.

Hatua ya 3: Tenga kabila na uraia. Mwosetia wa Vladikavkaz ni raia wa Urusi, lakini usimwite Mrusi kwa asili. Lugha yake nayo haitokani na Kirusi wala Kigeorgia. Ni ya jamii ya Kiirani, ndugu wa mbali wa Kiajemi, ingawa huandikwa kwa herufi kama za Kirusi, ikiongezwa æ.

Hatua ya 4: Heshimu jina wanalojiita. "Osetia" limetoka kwa Wageorgia, likapitia Kirusi. Wenyewe wengi hujiita Iron, na wale wa magharibi Digor. Anayenukuliwa akijiita hivyo, mwachie jina lake. Jamhuri ya kaskazini iliongeza "Alania" kwenye jina lake miaka ya 1990, kwa kuwaenzi Waalani wa kale, wanaohesabiwa kuwa mababu wa Waosetia. Lakini matini ya karne za kati ikisema Waalani, andika Waalani, si Waosetia.